Mgeni wa Kabati la Kijivu

Chumba cha kuazimana vitabu kiko chini ya ngazi kuu ya maktaba, mlango wa pili baada ya stoo ya karatasi. Kwa miaka ishirini na mitatu ufunguo wake umekaa kiunoni mwa mwanamke mmoja ambaye jengo zima linamwita Mama Mikanda. Jina hilo lilitokana na kazi yake. Kila kitabu kinachoingia humo kutoka maktaba nyingine hukivisha mkanda wa karatasi ya manjano, upana wa vidole vitatu, na juu yake huandika kwa wino mweusi jina la msomaji aliyekiomba, mwenye mali, siku ya kurudi na masharti yake.

Desturi hiyo aliitoa nyumbani. Mumewe ni fundi cherehani, na kila kitambaa cha mteja hukibana ukanda wenye jina kabla hajakitia mkasi, kwani, asemavyo, vitambaa vya watu vikichanganyika, fundi huhama mtaa. Mama Mikanda aliibeba desturi hiyo kazini na kuifanya sheria: kitabu chenye mkanda si chetu. Hakipandishwi ghorofani wala hakiingizwi kwenye katalogi. Wakutubi wa maktaba nyingine waliokuja kujifunza kwake waliipenda, wakaenda kuiga, hata rangi ya karatasi hawakubadilisha.

Kazi yenyewe ni ya subira. Msomaji akikosa kitabu, Mama Mikanda huuliza maktaba za karibu kwanza, kisha za mbali. Ikiwa zinatakiwa kurasa chache tu, kitabu hakisafiri. Kurasa hupigwa skani na kutumwa kwa barua pepe. Skani iko mikononi mwa mzee mmoja mchangamfu aitwaye Kurasa, ambaye ukimuuliza habari za nyumbani hukujibu kwamba mkewe leo ameanza sura ya nne ya malalamiko yake na bado anasoma.

Jumatatu moja saa nne asubuhi simu iliita. Alikuwa fundi wa mitambo wa hospitali ndogo, mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema, mwanangu."

"Mtambo wetu wa kutakasia vyombo vya upasuaji kwa mvuke umegoma. Nimeufungua, nimeufunga, vali zake nazijua kama wanangu, lakini vipimo vya presha sinavyo. Kiwanda kilichoutengeneza kimekufa zamani. Nataka kitabu chake cha matengenezo, sura ya saba."

"Unaitaka lini?"

"Ijumaa saa tatu kamati inakaa. Nisipowaonyesha kwamba unatengenezeka, unauzwa chuma chakavu. Halafu kila mgonjwa wetu wa kupasuliwa atakuwa anasafirishwa kwa gari saa tano nzima hadi hospitali kubwa. Wengine hawafiki, mama."

Mama Mikanda aliandika kila neno. Katalogi ya maktaba yake ilionyesha nakala moja, na mbele yake neno moja: imepotea. Aliguna, akaandikia maktaba saba. Jumanne tatu zilijibu hazina. Jumatano tatu nyingine zikajibu hivyo hivyo. Ilibaki moja, ya chuo cha ufundi cha nchi jirani. Jioni hiyo alifungua daftari la maombi yaliyoshindikana, akaandika namba ya ombi kwa penseli, akaacha nafasi ya sababu.

Alhamisi asubuhi jibu la chuo lilikuwa limefika. Mkutubi wa huko aliandika hivi: "Dada yangu, salamu. Kitabu hicho hatunacho, ila tuliwahi kukiazima, na waliotuazimisha ni ninyi. Tulikirudisha miaka kumi na moja iliyopita. Risiti ya mapokezi nimeiambatanisha. Sahihi ni yako."

Mama Mikanda alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kurasa alikuwa tayari amenyoosha shingo nyuma ya bega lake.

"Hiyo sahihi naijua," alisema. "Ina mkia kama ng'ombe anayefukuza nzi."

"Nyamaza kwanza."

Hakupanda ghorofani kutafuta. Aligeuka akatazama nyuma ya mlango, kwenye kabati la kijivu ambamo huwekwa wageni wasio na mwenyeji, yaani vitabu vilivyokuja na mikanda yao lakini wasomaji walioandikwa hawakujulikana. Vitabu hivyo hukaa humo mpaka mwenye mali aandike kuvidai. Kwenye rafu ya tatu alikiona. Kilikuwa kimevaa mkanda wa manjano kama yake yote, ila mwandiko haukuwa wake. Jina la msomaji lilikuwa la mwanafunzi wa chuo kile. Chini yake, kwenye mstari wa mwenye mali, lilisomeka wazi jina la maktaba aliyosimama ndani yake. Chuo kilikirudisha bila kukivua mkanda. Naye, siku ya mizigo mingi, alisoma mstari wa kwanza, hakumjua msomaji, akakipeleka kabatini. Kikaratasi alichokibana juu ya jalada siku ile kilikuwa bado kipo: Msomaji hajulikani. Mwenyewe ataandika.

Kurasa alikisoma, akapiga paja kwa kicheko.

"Mwenyewe ataandika! Mwenyewe si wewe? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako amekaa miaka kumi na moja, hata ufagio hajashika!"

"Nyani haoni kundule," Mama Mikanda alijibu, bila kucheka.

"Basi futa hiyo penseli, andika kimepatikana, yaishe. Nani atauliza kimepatikana wapi?"

"Mimi nitauliza."

Aliandika kwenye daftari palepale, kwa wino: Kilikuwa kwetu. Nilikipokea mimi, nikakiweka pasipo pake. Kisha akautia mkasi mkanda ule na kumkabidhi Kurasa kitabu.

Sura ya saba ilikuwa na kurasa thelathini na nane. Kurasa alizipiga zote na kutangaza kwamba kazi imekwisha, lakini Mama Mikanda, ambaye hatumi kitu bila kukihesabu kwa kidole, aliona kwamba mchoro wa vali ulikuwa karatasi ya kukunjwa, na skani ilikuwa imechukua mgongo wake tu.

"Fundi atatengeneza mtambo kwa mgongo wa karatasi?"

"Haya, bosi," Kurasa alisema, akaukunjua na kuupiga vipande vinne.

Saa tano kasoro kila kitu kilitumwa. Mama Mikanda alipiga simu mwenyewe.

"Zimefika, mama! Na mchoro nauona. Mlikipata wapi?"

"Kwetu. Kilikuwa nyuma ya mlango wangu. Kosa ni langu, mwanangu. Ungekuwa nacho tangu Jumatatu."

Fundi alicheka.

"Mama, mimi jana nimetafuta spana saa nzima, kumbe iko mfukoni. Ngoja niwahi."

Ijumaa saa sita fundi alipiga tena. Nyuma ya sauti yake kulisikika mvumo.

"Unausikia huo? Ndio wenyewe. Kamati imesimama hapa inatazama mvuke, mwenyekiti miwani imeingia ukungu. Wamenipa miezi sita, ndipo waamue tena."

"Itumie vizuri."

Mama Mikanda aliporudisha simu mahali pake alilifungua kabati la kijivu, akatoa wageni wote kumi na wanane waliobaki, akawapanga mezani. Safari hii hakusoma mikanda. Alifungua majalada, akatafuta muhuri ndani. Wageni wanne walikuwa na muhuri wa maktaba yake. Aliwavua mikanda, akawabeba wawili wawili, akapanda nao ngazi kuu mwenyewe.