Gazeti Nililofunikia Daftari

Harufu ya naftalini bado hunitia hasira. Wengine ikiwafikia hukumbuka nguo za sikukuu. Mimi nakumbuka sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda cha Susu, nyanya yangu mzaa baba niliyeishi naye, kwenye vilima vya nje ya mji wa Machakos, miaka ya tisini. Ndani yake mlikuwa na blanketi la harusi yake, randa ya marehemu babu Daudi aliyekuwa seremala, na bunda la magazeti yaliyogeuka rangi ya chai. Yalikuwa ya Undugu wa Taa, chama cha mafundi na makarani ambacho babu alijiunga nacho ujanani, enzi za ukoloni. Walikutana faraghani, wakaitana ndugu, wakachapa kijigazeti cha Kiswahili chenye picha ya jicho juu ya mikono miwili iliyoshikana. Chama kilikufa kabla sijazaliwa. Susu hakujua kusoma, lakini aliyatunza magazeti yale kwa sababu jina la mumewe lilikuwamo.

Nilipoingia darasa la sita, mwalimu wetu, Madam Syombua, alitoa amri yake ya kila muhula: madaftari yote yafunikwe kwa gazeti kufikia Jumatatu, la sivyo tuonje kiboko. Kwetu gazeti halikununuliwa, na hata nyama ya kufungwa gazetini tuliiona Krismasi tu. Nikachomoa karatasi mbili sandukuni Susu akiwa shambani. Ya kwanza nilifunikia daftari la hesabu, jicho likitazama nje, kwa kuwa lilinipendeza. Ya pili nilifunikia la Kiswahili, upande wenye maandishi mengi nikauficha ndani. Nilijiona fundi kwelikweli.

Ilikuwa miaka ambayo watu walimwona shetani kila kona. Mtoto akipotea, ni waabudu shetani. Gari likipinduka, ni wao. Madam Syombua alipoliona lile jicho alilishika daftari kwa ncha za vidole, kana kwamba ni panya aliyekufa, akampelekea Mzee Mutiso Nzioka, mwenyekiti wa kanisa letu. Jumamosi alasiri mzee akatinga kwetu na waumini kama kumi, wengi wao kina mama wa mwethya, kikundi cha Susu cha kulimiana mashamba kwa zamu. Wiki hiyo hiyo walikuwa wamekunywa chai kwa vikombe vyetu.

"Mama Kioko, toa hiyo maneno yote ya giza," alisema Mzee Mutiso, akimwita Susu kwa jina la baba yangu.

"Hiyo ni ya chama ya kuzika watu," Susu akajibu. "Mzee yangu alikuwa anawatengenezea jeneza. Someni kwanza."

"Hatuwezi soma kitu ya shetani."

Wakalikokota sanduku hadi uani, wakayamwagia magazeti mafuta ya taa ya koroboi yetu wenyewe, wakaimba moto ulipowaka. Kosa lilikuwa langu, na sikulikiri. Hilo sijajisamehe. Wao nao sijawasamehe, na sioni haya kuandika hivyo.

Mwethya haikukanyaga tena shamba letu. Kanisani Susu aliketi benchi peke yake, na mvua ya mwaka ule ilibomoa matuta ambayo mikono yake miwili haikuweza kuyajenga upya. Miaka miwili baadaye alifariki. Kaburi lake lilichimbwa na vijana wa kukodishwa kutoka mjini, maana majirani wote walikuwa na kazi siku hiyo.

Nilipokuwa nikifungasha vitu vyangu baada ya mazishi nikaliona lile daftari la Kiswahili, ambalo hakuna aliyelishuku kwa kuwa halikuwa na jicho. Nikabandua karatasi. Ule upande niliouficha ulikuwa na orodha ya maskini waliozikwa na chama: jina, kijiji, na fundi wa jeneza. Katikati niliona jina la Nzioka, wa kijiji chetu, baba yake Mutiso. Fundi: Ndugu Daudi.

Sasa naishi Syokimau, na karatasi hiyo iko ndani ya fremu sebuleni. Siku hizi uvumi hausubiri Jumamosi. Hufika kwa simu kabla chai haijapoa, na watu bado huchoma kwanza. Mwaka jana Mzee Mutiso alikuja na mkongojo wake kunialika niwe mgeni kwenye sherehe ya kanisa. Akavaa miwani, akasogea ukutani, akayafuata majina kwa kidole.

"Huyu ni baba yangu," akasema. "Mbona hukutuonyesha?"

"Mlikuwa mmeshawasha kiberiti, mzee."

Akaomba apige picha kwa simu, awaonyeshe wanawe. Nikamkatalia. Nilimwambia aisome hapo hapo, kwa sauti, mpaka afike kwenye jina la seremala.