Kura ya Kijakazi

Kijakazi binti Shomari alikuwa na mkono mzito. Naanzia hapo kwa sababu mimi mwenyewe aliwahi kunizaba kofi sokoni Kariakoo, mbele ya watu, kisa nimepanga ndizi zangu mahali pake pa mihogo. Nikamrudishia. Tuligaragazana mpaka khanga yangu ikabaki mikononi mwake, na askari wa soko akatutenganisha kwa kirungu. Siku ya tatu alikuja na bakuli la mchuzi wa kambare, akakaa juu ya kikapu changu bila kukaribishwa, akasema, "Mama Tarsis, una kucha wewe!" Tangu siku ile tukawa mashoga.

Kwao Kisarawe. Aliingia mjini mgongoni kwa kaka yake Ramadhan, yeye mtoto mdogo, mwili mzima vidonda vya ndui, wazazi wao wameshazikwa. Ramadhan alikuwa na miaka kumi na sita, na alimbeba siku mbili kwa miguu. Kwa hiyo mtu aliyemsema vibaya Ramadhan mbele ya Kijakazi alikuwa anatafuta ngumi, na aliipata.

Na wa kumsema walikuwepo wengi. Ramadhan alikuwa mchukuzi wa magunia, na alikuwa Rais wa Marekani. Msicheke. Mwaka hamsini na tatu vyama vya ngoma bado vilikuwa na vyeo vya kizungu. Wenzetu wa Ilala walikuwa wameshamchukua Kingi, yaani mfalme wa Waingereza, basi sisi wa Kariakoo tukachukua Rais. Tulikuwa na ngoma mbili kubwa, tarumbeta moja, na Rais wetu alivaa koti la jeshi na mshipi mwekundu kifuani. Lakini chama hakikuwa ngoma tu. Mchukuzi asiye na ndugu mjini akifa, chama kilimwosha, kilimvika sanda na kumsindikiza kaburini. Hata mimi, Mchaga na Mkatoliki, niliingia kwa ajili hiyo, maana nilishaona maiti ya jirani yangu ikitupwa kwenye gari la manispaa kama taka. Aliyevuliwa cheo alifukuzwa chama, na aliyefukuzwa hakuzikwa na chama. Kwa watu wa aina yetu hilo lilitisha kuliko jela.

Kusema haki, Ramadhan alitufaa. Kulikuwa na nyapara aliyekuwa akiwachapa wachukuzi kwa mkanda; Ramadhan alimvunja mkono huo huo wa mkanda, akafungwa miezi sita, akatoka anacheka. Ndipo tulipomfanya Rais. Lakini mtu aliyezoea kushangiliwa kwa ngumi hajui pa kuishia. Sikukuu ya Idd alituongoza Mnazi Mmoja na marungu, tukawavamia watu wa Kingi bila sababu yoyote, na rafiki yetu Bushiri akarudi na jicho moja. Damu yake ilinilowesha hadi kwapani, nilivyokuwa nimemshika kichwa.

Kwenye mkutano, Isidori, mpiga tarumbeta wetu, akasimama. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye sauti ya kanisani. Akauliza, "Rais, jicho la Bushiri limetoka kwa faida ya nani?"

Ramadhan alimpokonya tarumbeta, akampiga nayo mdomoni. Meno manne yalianguka sakafuni, nikayaona. Isidori alipoanguka, Ramadhan akamkanyaga vidole kwa kisigino, taratibu, kimoja kimoja, huku anatutazama sisi. Hakuna mwanamume aliyenyanyuka. Isidori akatema damu na kusema, "Nakushtaki."

Sasa tutamshtaki vipi? Rais hajawahi kushtakiwa. Wanaume wakaenda kumwuliza Jamnadas, Mhindi mwenye duka la taa Mtaa wa Kongo, aliyekuwa akisoma magazeti ya Kiingereza kila siku.

"Mngechukua Kingi, ingekuwa hakuna dawa," akawaambia. "Lakini Rais, kule kwao iko sheria. Baraza moja nashtaki, baraza la pili nahukumu. Katika watu watatu, wawili wakitaka, Rais natoka. Wamejaribu mara moja tu, zamani sana, na yule Rais alipona kwa kura moja."

"Na je, ilikuwa haki kumshtaki?" Bushiri akauliza.

"Mimi nauza taa, Bwana."

Tukagawana kazi: wanaume washtaki, wanawake tuhukumu. Wanaume walibishana siku mbili, wakarushiana viti. Wengine walisema tukimvua watu wa Kingi watatumaliza. Wengine walisema tusipomvua atatumaliza mwenyewe. Mwishowe wakamshtaki. Ramadhan akasema mbele yao wote, bila kupandisha sauti, "Mimi na Isidori hatutaishi mji mmoja."

Wanawake tulikuwa thelathini. Mkubwa wetu alikuwa Kijakazi.

Asubuhi ya hukumu nilimkuta anamenya mihogo kwa hasira, vipande vinaruka. Nikamwambia, "Kija, Isidori anakunywa uji kwa kudondoshewa. Kaka yako ameshasema atamwua."

"Maneno ya hasira yale. Jana alikuja kwangu akalia. Kaka yangu, kulia! Ameapa kwa kaburi la mama hatamgusa."

"Nawe umeamini?"

Akanielekezea kisu. "Nikimvua mimi, siku akifa nani atamnyanyua? Manispaa? Mtu aliyenibeba mgongoni nina usaha mwili mzima?"

 Nilimpenda, na nilitaka kumpiga.

Tulikaa kwenye majamvi uani kwa Bushiri, saa nne asubuhi. Utaratibu ulikuwa mwepesi: anayetaka avuliwe, asimame. Wanaume walijipanga ukutani, Isidori kati yao, mdomo umevimba, mikono imefungwa vitambaa. Mwanamke wa kwanza akasimama. Wa pili. Mimi nilikuwa wa saba, Ramadhan ananitazama usoni. Tulipofika kumi na tisa tukakoma. Tulihitaji ishirini; kumi walikuwa wameshakataa kusimama, na aliyebaki kupiga kura ni mkubwa wetu.

"Kija," nikasema. "Simama."

Akamtazama Isidori. Akamtazama kaka yake. Kisha akavuta khanga yake na kufunika miguu, akabaki amekaa.

Wanaume walewale waliomshtaki wakambeba Ramadhan mabegani. 

Siku mbili zikapita. Jumanne mchana, soko limejaa, Isidori alikuja kutafuta kwangu ndizi laini za kupondaponda. Ramadhan alitokea nyuma ya magunia na ile kulabu wanayovutia magunia. Ya kwanza iliingia shingoni. Isidori aliniangukia, ndizi zikatapakaa, naye Ramadhan akaendelea: begani, mgongoni, usoni, anahema kama mtu apasuaye kuni. Kijakazi aliruka meza yake ya mihogo, akamng'ang'ania mkono wenye kulabu, akamuuma hadi kwenye mfupa, analia, "Uliapa, Kaka! Uliapa!" Ramadhan alimtupa ukutani. Isidori alikuwa ameshakufa, damu yake inajaa katika kikapu changu.

Nilimchukia Kijakazi. Sifichi. Miezi mitatu sikumsalimia, nami nilikuwa napita mbele ya meza yake kila siku. Lakini kesi ilipoitwa, watu mia waliokuwa sokoni siku ile hawakuona kitu, walikuwa wameinama kuchagua nyanya. Mashahidi tulikuwa wawili: mimi na yeye.

Alipanda kizimbani akaeleza yote, tangu kulabu ya kwanza mpaka ya mwisho. Hakupunguza hata moja. Alijua anaisokota kamba ya kumnyonga kaka yake. Wakili wa kaka yake alipomaliza kuuliza, Ramadhan mwenyewe akanyanyuka kati ya askari wawili. Alikuwa amekonda, macho makubwa.

"Kija," akasema, "wewe ulinijua mimi nikoje. Siku ile uani kwa Bushiri, mbona hukusimama? Leo ningekuwa nabeba magunia."

Jaji akasema swali hilo halihusiani na kesi. Kijakazi alikuwa ameshika ubao wa kizimba kwa mikono miwili. Jaji akamwambia ashuke, na ikambidi amwambie mara ya pili.