Gari Lililooshwa Kabla Mkaguzi Hajafika

Saa kumi na mbili asubuhi, dereva wa teksi ambaye wateja humwita Maridadi anatoka nje na kitambaa mkononi, tayari kulifuta gari lake. Anafika mlangoni mwa gari ndipo anapokumbuka kwamba amekatazwa kuligusa. Anakitupia kitambaa begani na kubaki amesimama.

Gari haliwaki tangu mtaro wa mtaani ulipofurika na maji kufika usawa wa viti. Lakini mama huyu wa watoto watatu ana bima kubwa, ile inayolipa hata mafuriko, na amekuwa akiilipia kwa kujinyima. Alipopiga simu, aliambiwa mkaguzi angefika kesho yake.

"Sasa mgeni anakuja nyumbani kwako, umwonyeshe matope?" anauliza. "Nililiosha siku nzima, mgongo ukaniuma kweli kweli."

Mumewe, fundi cherehani, alisugua viti, kisha akaenda dukani kuleta manukato ya kuning'iniza kwenye kioo.

Mkaguzi alikuja, akachungulia, akanusa. Akauliza maji yaliishia wapi. Maridadi akamwonyesha kwa kiganja: hapa. Pale palikuwa panang'aa.

Ndipo bwana yule akaeleza, kwa upole tu, kwamba maji ya mafuriko yanalipwa, ila mvua iliyoingia kwa dirisha lililosahauliwa wazi hailipwi. Gari safi namna ile halikuweza kumwambia ni maji yapi.

"Hapo akaniacha kwenye mataa," anasema Maridadi. "Mafuriko si ni mvua hiyo hiyo, imekosa pa kwenda? Nikamuuliza. Akasema sivyo bima inavyohesabu. Mpaka leo nawaza, sipati kichwa wala miguu."

"Mimi nilimwambia aache walau kiti cha nyuma," mumewe anadakia kutoka kwenye cherehani.

Maridadi anamkata jicho. "Na manukato alileta nani, baba?"

Mume anainamia suruali anayoishona.

Wateja wake wa kila siku wameanza kuzoea dereva mwingine, na hilo linamuuma kuliko injini. Bima ikilipa, anasema, atalitengeneza na kutafuta pa kulilaza mtaa wa juu, mbali na mtaro. Isipolipa, hana gari, hana kazi.

Mkaguzi atarudi Ijumaa pamoja na fundi wa magari kung'oa viti na kufunua zulia la sakafuni, mahali ambapo tope hujificha hata mtu asugue vipi. Kabla ya hapo, kitambaa kikae mbali.

"Miaka kumi na miwili kwenye teksi, hakuna abiria aliyewahi kunitazama vibaya kwa uchafu," anasema, akikikunja kitambaa kile taratibu. "Leo nimepiga magoti nikimwomba Mungu wayakute matope garini mwangu."

Anakitia kitambaa mfukoni.

"Na wakiyakuta, bado nitaona aibu."