Michungwa Niliyokatazwa Kupanda

Siku zake za mwisho mume wangu alikataa hata uji, akawa anataka machungwa tu. Mbegu alizitema kwenye kisosi, nami nikashindwa kuzitupa. Tulipoanua matanga nilizifukia kwenye makopo ya rangi niliyoyatoboa chini, nikayapanga nyuma ya jiko. Nyumba yetu iko Itetemia, kwenye kiwanja tulichonunua wote wawili baada ya kuuza tumbaku.

Miche ilipofika urefu wa kiganja, nikachimba mashimo mbele ya nyumba. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, akanikuta na jembe mkononi.

"Unapanda nini?"

"Michungwa."

"Shemeji, panda mchicha, panda mahindi. Mti wa kudumu anapanda mwenye ardhi. Wewe hapa ni mjane tu."

Nikapanda yote sita huku ananitazama.

Jumapili iliyofuata nilitoka kanisani nikakuta miche imeng'olewa, imelazwa juani, mizizi imekauka kama nyuzi. Jirani alimwona shemeji akiing'oa. Nilikaa palepale mchangani nikalia, sitaficha. Kisha nikaenda nyuma ya jiko. Makopo mawili yalikuwa na miche iliyochelewa kuota, majani manne manne. Nikaitia kwenye mashimo yaleyale, nikachukua karatasi ya mauziano, nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Alikuja na wajumbe wawili, shemeji akaitwa. Karatasi ikasomwa kwa sauti: jina la mume wangu, kisha langu.

"Umesikia," nikamwambia. "Ukigusa tena mche, umegusa mali ya mtu."

Akaondoka bila kuaga, na ukoo ukaninunia. Harusi mbili zilipita sikualikwa.

Bwana shamba naye alinicheka kidogo. "Mama, nunua mche uliobebeshwa tawi la mti unaozaa. Huu wa mbegu utakuchelewesha, na huenda ukazaa uchachu mtupu." Nikamwambia uchachu nitaula mwenyewe. Mchwa wakaua mmoja. Uliobaki niliuzungushia majivu, na kila kiangazi nikaumwagia maji ya kuoshea vyombo, mpaka mgongo ukazoea njia ile.

Mwaka wa nane ukachanua. Machungwa yalikuwa madogo, yana mbegu nyingi, matamu yenye ukali kidogo mwishoni. La kwanza nililila nimesimama, maganda nikayaacha mlangoni.

Msimu huo shemeji akaja kuniarifu habari ya msiba. Nikamwamkia, naye akaitikia, akakaa kwenye kiti huku macho yake yakirudi mtini kila mara.

"Yameiva," akasema.

"Yameiva."

"Basi nichume moja."

"Hapa kwangu watu huomba kwanza, shemeji."

Akakohoa. Akatazama barabarani. Kisha akasema, kwa sauti ya chini lakini niliisikia vizuri, "Naomba chungwa."

Nikamruhusu achume mawili.