Ukuta Usio na Tundu Hata Moja

Mtaa wao umejengwa ubavuni mwa kilima, na hakuna uwanja hata mmoja uliolala sawa. Mpira wa watoto ukiponyoka juu, unaokotwa chini kabisa, kwa watu wengine. Kila msimu wa mvua udongo wa jirani wa juu hutaka kuhamia kwa jirani wa chini, na kila msimu wa mvua watu hutafuta fundi mmoja tu wa kuuzuia. Fundi huyo anaitwa Timazi. Jina alilopewa na mama yake lipo, lakini hata dada yake halitumii tena.

Timazi ni ule uzi wenye kipande cha chuma mwishoni, ambao fundi huutundika kuona kama ukuta umesimama wima. Yeye huwa nao mfukoni saa zote. Akikaribishwa chai, kabla hajakaa ameshautundika mlangoni mwa mwenye nyumba na kutikisa kichwa. Watu wamemzoea. Akiingia, wengine husimama mbele ya kabati ili asilifikie.

Lakini ukitaka kumsikia akiongea kwa moyo, mguse kwenye mabomba. Umuulize nini huangusha kuta za kuzuia udongo, halafu tafuta pa kukaa.

"Udongo wala hausukumi hivyo, ndugu yangu," atakwambia. "Maji ndiyo yanayosukuma. Mvua ikinyesha, udongo wa nyuma ya ukuta unakunywa mpaka unavimba. Yape maji njia, yatakwenda zake. Yanyime, yatakwenda na ukuta wako."

Kwa hiyo kila ukuta wake, chini karibu na msingi, huwa na vipande vya mabomba vilivyopenya katikati ya mawe, na nyuma yake kokoto za kuchuja maji. Siku moja alipewa nafasi ya kuwausia maharusi, akawaeleza habari za kokoto na mabomba mpaka mshereheshaji akamnyang'anya kipaza sauti.

Sasa mtu wa namna hiyo alijengaje ukuta usio na tundu hata moja? Alipenda. Sababu nyingine hakuna, na zikitolewa ni za uongo.

Nyumba ya katikati ya mteremko ilinunuliwa na mshonaji mmoja, mjane, mwanamke wa maneno machache. Aliweka cherehani yake kwenye baraza la nyuma, lenye mwanga mzuri, na hatua chache mbele ya baraza hilo ulisimama ukingo wa udongo uliokuwa ukimomonyoka. Akamwita Timazi. Mshonaji huyo alikuwa na kipaji cha kucheka huku midomo imebana pini, na pini isianguke hata moja. Timazi aliliona hilo siku ya kwanza, akasahau hata kutundika uzi wake. Alikuwa amefiwa na mke miaka mingi, amezeekea kwenye tope, na alidhani mambo hayo yameshamwacha.

Kwa kuwa wote wawili ni mafundi, waliitana hivyo hivyo.

"Umeamkaje, fundi?"

"Salama, fundi. Na wewe, fundi?"

"Mimi mzima, fundi."

Wangeweza kuendelea hivyo mpaka saruji ikauke kwenye karai. Kazi ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Timazi alichagua mawe kama mtu anayechagua nyanya sokoni, akayapapasa, akayarudisha, akachukua mengine. Dada yake mkubwa, ambaye anaishi naye nyumba moja, hakuweza kuvumilia.

"Mdogo wangu, kwa mwalimu ulijenga ukuta mrefu kuliko huo, ukaumaliza upesi upesi. Hapo unajenga nini, gereza?"

"Mawe ya siku hizi ni magumu, dada."

"Mawe! Na hayo manukato ni ya mawe pia?"

Siku ya kuweka mabomba ilifika. Mstari wa mawe ulikuwa umefikia pale pale panapotakiwa, na Timazi alikuwa ananawa mikono aende nyumbani kuyachukua. Ndipo mshonaji alipomwita barazani.

"Fundi, hilo shati lako limekwisha. Njoo nikupime nikushonee jingine."

Akampima mabega. Akampima mikono. Alipofika shingoni na ule utepe wa kupimia, Timazi aliganda.

"Pumua, fundi," mshonaji alimwambia. "Usije ukanifia hapa."

Alirudi kwenye ukuta akiwa hajui kushoto wala kulia. Alichukua mwiko, akapanga mawe juu ya mstari ule, akapanga mengine juu ya hayo, huku akipiga mluzi. Kokoto alizitia. Mabomba yalibaki yamelala uani nyumbani kwao, na wala hakuyakumbuka.

Ukuta ulipoisha alikuwa ameshaandaa maneno. Aliyafanyia mazoezi njia nzima ya kupanda kilima, akamtisha mbuzi wa watu. Alipofika barazani yakampotea yote.

"Basi, fundi," alisema.

"Basi, fundi," mshonaji akajibu.

Akaondoka, akajilaani mpaka nyumbani. Alikuwa anampenda yule mwanamke kufa, naye amemuaga kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Angerudi kwa kisingizio gani sasa, na ukuta umekwisha?

Mvua ya kwanza ilishuka mchana, kubwa, bila kubisha hodi. Timazi alikuwa dirishani akijihurumia. Dada yake alikimbilia uani kuanua nguo, akajikwaa.

"Wee!" alipiga kelele. "Haya mabomba yanafanya nini hapa? Si ulisema ni ya kwa mshonaji?"

Timazi alitoka mbio, akarudi kwa sababu alisahau mtaimbo, akatoka tena. Alianza kupanda kilima na viatu viwili, akaendelea na kimoja, akafika peku. Ukuta ukianguka, utaangukia lile baraza. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwake, pamoja na midomo yenye pini.

Alipoingia uwanjani alimkuta mshonaji amesimama barazani, ametulia, na ukuta umeota tumbo.

"Toka hapo!" alipiga kelele. "Hauna mabomba huo! Chukua jembe, tupite ubavuni twende juu!"

Walichimba mfereji wa kuyakata maji yasizidi kuingia nyuma ya ukuta, yeye kwa mtaimbo, mshonaji kwa jembe. Mwanamke yule alichimba kama mwenye ugomvi na ardhi. Kisha walishuka wote wawili, Timazi akasimama pembeni kwa akili sana, akaingiza mtaimbo chini, kwenye kiungo cha mawe, akachokonoa. Jiwe dogo likachomoka na maji ya matope yakaruka nje kwa kishindo. Furaha ikamzidi akili. Akarukia mbele kuyatazama, yakampiga kifuani na kumkalisha chini. Mshonaji alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Timazi naye akacheka, akainuka, akatoboa tundu la pili, akaangushwa tena, na baada ya hapo ikawa kama mchezo. Tumbo la ukuta liliacha kukua.

"Nilisahau mabomba, fundi," alisema alipopata pumzi, na kicheko kikamwisha. "Mimi! Mabomba!"

"Najua."

"Unajua?"

"Umenihubiria mabomba tangu siku ya msingi. Nilikaa na cherehani yangu nikaona mstari wa mabomba unafunikwa hivi hivi. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Ungeyaweka, ungemaliza, ungekwenda zako. Nikasema, acha asahau, atarudi kurekebisha." Mshonaji alijifuta uso. "Sikujua kama mvua itakutangulia."

Timazi alikasirika, akafurahi, akakasirika tena. "Ukuta ungekuua!"

"Tumbo lilipoanza kuota niliingiza cherehani ndani."

"Cherehani? Na wewe mwenyewe je?"

"Mimi nilikuwa nakungoja."

Basi Timazi, mwenye tope mpaka kwenye kope, hakuwa na heshima yoyote iliyobaki ya kupoteza.

"Fundi, nakupenda," alisema. "Ukuta huu nitaubomoa niujenge upya, hilo halina mjadala. Lakini sitaki tena kuja asubuhi na kuondoka jioni. Nataka kukuoa. Nataka kukaa hapa."

Mshonaji alifungua mdomo kujibu. Hapo hapo lango likasukumwa, na dada akaingia akihema, mwavuli umepinduka, mabomba yote kwapani.

"Mko hai?" aliuliza. "Nani anapokea haya mabomba? Mikono inaniuma!"

Mshonaji alikwenda kuyapokea. Akayalaza chini, akamshika dada mkono akamvusha kwenye tope taratibu, na wala hakumtazama Timazi.

"Pole na kilima, wifi," alimwambia. "Ingia ndani nikupe nguo kavu."

Dada alikuwa ameshaweka mguu mmoja kizingitini neno hilo lilipomfikia. Aligeuka, akamtazama mdogo wake aliyeganda pale kwenye tope na mtaimbo mkononi, akapiga kigelegele kilichosikika mpaka nyumba za chini.