Utomvu wa ndizi kwenye gari la mwanangu, na isale ninalolazimishwa kulipeleka

Admin, nifiche jina, huku kwetu wengi wanasoma hii peji. Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, naishi Marangu kwenye migomba aliyoniachia marehemu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea kuandika mnivumilie. Leo hasira nayo imo.

Nina mtoto mmoja tu, nimwite Eli, anafanya kazi Dar. Mwezi uliopita alikuja na mkewe na mjukuu wangu mchanga, Nuru, na gari lake la kwanza, jeupe pee. Nililizunguka mara tatu nikilishikashika kama ndama mpya. Jumapili asubuhi njia ya kanisani ilikuwa tope tupu, wakaenda kwa miguu, gari likabaki uani. Mimi nikabaki kuwapikia mtori, supu yetu ya ndizi.

Akaja shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Nikamwomba anikatie mkungu wa ndizi mshare, kina Eli waondoke nao Dar. Akaukata, na kwa kuwa chini ni tope, akaulaza juu ya boneti ya gari. Nikamwambia, "Shemeji, hapo si mahali pake." Akanijibu, "Mama Eli, gari linabeba watu, litashindwa ndizi?" Akaingia jikoni na pombe yake ya mbege, stori zikanoga. Tulipotoka jua lilikuwa limeshapiga. Utomvu umechuruzika kutoka boneti mpaka kwenye taa, umekauka, umekuwa kahawia. Anayeujua utomvu wa ndizi anajua. Nguo ikidondokewa, hiyo ni ya shamba mpaka iishe.

Nikachukua sabuni ya kipande na kitambaa. Wapi! Nikakamulia limau. Wapi! Nikapaka mafuta ya taa, ikaongezeka harufu tu. Shemeji kasimama, mikono nyuma, ananielekeza: "Leta stili waya na jivu. Hilo ni bati, tofauti yake na sufuria ni nini?" Na mimi kwa woga wa mwanangu kukuta vile, nikasugua. Doa likatoka kweli, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Maji yalipokauka ndipo nikaona. Pamefifia, mikwaruzo mitupu, kama uso wa mtu aliyeangukia kokoto. Shemeji akasema polepole, "Usinitaje, mama Eli. Wewe ni mama yake, hawezi kukufanya kitu." Akaondoka zake. Nikakubali, nikiogopa mtoto asije kugombana na baba yake mdogo.

Waliporudi, Eli aliona kabla hajafika mlangoni. "Nani kafanya hivi?" Nikasema mimi. Ndizi nimeweka mimi, kusugua nimesugua mimi. Majirani wanaotoka kanisani wamesimama wanasikia, mwanangu akaniambia, "Mama, mtu hata la saba hukumaliza, gari umelijulia wapi? Ushamba wako umeniharibia gari!" Mkewe akamvuta shati, "Baba Nuru, huyo ni mama!" Hakusikia. Wakafunga mizigo, wakaondoka bila kuonja mtori. Mkungu ukabaki uani, nikawapa ng'ombe. La saba sikumaliza, sawa. Lakini la kwake lilimalizwa kwa maziwa ya ng'ombe wangu, nikishuka nayo kichwani mguu peku. Hilo halijui?

Sikupata usingizi. Nikashuka Moshi kwa fundi mmoja wa rangi za magari kule Pasua, nikamweleza. Akacheka. "Mama, wewe ni Mchaga. Ukitaka kumenya ndizi mbichi unapaka nini mikononi?" Nikamwambia mafuta. "Sasa si ungepaka hayohayo kwenye gari? Utomvu unalainishwa na mafuta, unauacha kidogo, unafuta na kitambaa laini. Stili waya inakula rangi." Akasema mwanangu alete gari, yeye akiling'arisha kwa mashine sehemu kubwa ya mikwaruzo itatoka. Jamani, nilikaa chini palepale kwenye tairi bovu. Tangu nikiwa mtoto namenya ndizi, mafuta napaka kila siku ya Mungu, halafu nimemsikiliza mwanaume ambaye hajawahi kumenya hata moja!

Sasa sikieni. Ubatizo wa mjukuu tulipanga ufanyike hapa kwangu. Eli kampigia baba yake mdogo, kasema haji mpaka nimwombe radhi. Juzi shemeji, huyuhuyu, kaja na isale mkononi, lile jani tunalopanda mpakani, ambalo kwetu ukipelekewa lazima usamehe. "Mpelekee mwanao yaishe," ananiambia. Nikamtazama usoni. Hata jicho halikupepesa! Mimi niliyemzaa, nibebe isale mpaka Dar kwa ajili ya utomvu alioumwaga yeye! Kusugua nimesugua, hilo sikatai. Lakini isale likishapokelewa jambo limefungwa, halifunguliwi tena. Nitakufa nikiwa yule mama mjinga aliyeharibu gari, na mwanangu hatajua kamwe.

Nikisema ukweli, hao wawili hawataketi meza moja, na shemeji ndiye wa kusimama mahali pa marehemu siku ya ubatizo. Nikikataa, mtoto atabatizwa Dar bila mimi kumshika. Na pamoja na hasira zote hizi, jana nimempigia mkwe wangu kumuuliza kama Eli anakula vizuri.

Isale nimeliweka kwenye kopo la maji hapa mezani, bado bichi. Nishaurini wenzangu, nilibebe mimi, au nimrudishie aliyelikata alipeleke mwenyewe? Ila asiwepo wa kuniambia ninyamaze. Kunyamaza nilishanyamaza ile Jumapili.