Kipande cha Bondeni

Duka letu lilikuwa na kibaraza upande wa jua la asubuhi. Ndani niliuza chumvi, sindano na kitambaa cha amerikani. Nje waliketi watu waliolima ardhi za mabwana. Huku Karagwe ardhi ya namna hiyo iliitwa nyarubanja: bwana amepewa kilima na mtawala, na wote wanaokaa juu yake, hata waliozaliwa hapo, wakawa watu wake. Walimpelekea ndizi, pombe na siku zao za kazi. Akiwachoka, huwafukuza. Waliokataa kufukuzwa kimyakimya, baadhi yao walikuja kwangu.

Mimi si mwenyeji wa huku. Wazazi wangu walitoka Pangani na msafara wa biashara, nami nikaolewa hukuhuku. Mume wangu alipofariki, mwenye kiwanja alitaka nitoke kabla hata eda haijaisha. Sikuweza kwenda popote kujitetea. Mtu mmoja wa Kanoni, mtengenezaji wa nguo za magome ya mti, ambaye nilimjua kama mteja wa chumvi tu, alikwenda kwenye baraza la mkungu, mkuu wa kijiji, akanisemea bila kutumwa na mtu. Nilibaki na duka langu. Eda ilipokwisha nilimwita, nikamwambia kama anaweza kunisemea mimi mgeni, basi wako wengi wa kusemewa. Akacheka, akasema, "Bibi, mimi nina mdomo tu. Mdomo bila kichwa ni ngoma."

Ndivyo tulivyoanza. Wanawake hawakusimama kwenye baraza, kwa hiyo alisimama yeye. Lakini hakusema neno ambalo sikuwa nimelipima kwanza. Niliwahoji wenye shida, nikayaandika maneno yao kwa herufi za Kiarabu nilizofundishwa na baba. Kisha nilimketisha msemaji wangu, nikajifanya ndiye bwana wa ardhi, nikamshambulia kwa maswali mpaka jasho likamtoka. Hatukupokea kitu. Duka lilinilisha mimi, na magome yalimlisha yeye.

Mwaka mmoja, mvua za vuli zikiwa zimeanza, alikuja mjane kutoka Rugu. Alikuwa wa rika langu, mrefu, mwenye mikono ya mtu aliyepalilia maisha yake yote. Alikataa kiti, akakaa kwenye mkeka.

"Habari za hapa, Bibi?"

"Njema, dada. Karibu. Umetembea tangu saa ngapi?"

"Tangu jogoo wa kwanza." Akafuta tope miguuni. "Mume wangu amekufa. Bwana amepanda mulamula katikati ya migomba yangu. Anasema mpaka ni pale, na nyumba yangu iko upande wake. Mtu wake ameniambia niondoke kabla sijavuna maharage."

Mulamula ni mmea wa mpaka. Ukishasimama, huku kwetu ni kama shahidi aliyeapa. Niliandika yote. Nilimuuliza kaburi la mume liko wapi, maana huku kaburi nalo hushuhudia, akasema nyuma ya nyumba. Nilimuuliza kama kuna jambo lolote ambalo bwana anaweza kulisema dhidi yake. Akatazama barabarani. "Hakuna," akasema.

Nilikuwa na kanuni moja: sisemei shamba nisilolikanyaga. Siku ya tatu tulifunga duka, mimi na msemaji wangu tukaenda Rugu. Kibanja cha yule mama, nyumba na shamba lake la migomba, kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia. Migomba ilikuwa imetandazwa nyasi vizuri chini yake, na mibuni ilikuwa imefungana kuzunguka ua. Mpaka wa zamani tuliuona mara moja, mulamula nene kama paja, zimepinda kwa uzee. Zile mpya zilikuwa vijiti vyenye majani mawili matatu. Msemaji wangu akapiga makofi. "Bibi, hii kesi imekwisha!"

Lakini mimi niliendelea kufuata mpaka wa zamani kuteremka bondeni. Huko chini ulikata kushoto, na ng'ambo yake, upande wa bwana, kulikuwa na kipande cha ardhi nyeusi chenye maharage mazito ya kijani. Nilimgeukia mama.

"Haya ni ya nani?"

Akainama kung'oa gugu.

"Dada, nakuuliza kwa wema."

"Yangu," akasema hatimaye. "Mume wangu alivuka mpaka akalima. Misimu mitatu. Ardhi ilikuwa imelala tu! Haikuwa na mtu, na watoto walikuwa na njaa."

Tulipokuwa njiani kurudi tuligombana, mimi na msemaji wangu. Ilikuwa mara ya kwanza. Yeye alitaka tunyamaze juu ya kile kipande.

"Hatujaulizwa," alisema. "Kesi ni ya nyumba na migomba."

"Tutaulizwa. Bwana anajua shamba lake. Anangoja umalize kusema, kisha atamwita mama mwizi mbele ya watu wote, nawe utakuwa huna la kujibu."

"Na nikilisema mimi, si nimemwita mwizi mimi mwenyewe? Ameniamini, Bibi."

Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Nilisimama katikati ya njia. Kisha nikamwambia turudi. Tulirudi mpaka Rugu jua likiwa la saa tisa, tukamkuta mama akimenya ndizi. Nilimweleza yote, na kwamba kukisema kile kipande ni kukirudisha. Nilimwambia uamuzi ni wake. Asipotaka tukiseme kile kipande, hatutakisema, lakini hatutasema uongo tukiulizwa. Alimenya ndizi tatu nzima kabla ya kujibu.

"Semeni," akasema. Hakunitazama.

Siku ya baraza watu walijaa. Niliketi nyuma pamoja na wanawake, karatasi zangu zikiwa mapajani. Bwana wa ardhi alikuja na msemaji wake, mtu mnene mwenye fimbo nzuri, aliyekuwa akitabasamu tangu alipofika. Wetu alisimama kwanza.

"Mkungu, kabla sijaomba kitu, narudisha kitu. Bondeni kuna kipande kilicholimwa na marehemu nje ya mpaka wake. Mjane anakirudisha leo, na maharage yaliyomo. Sasa naomba na wenzetu warudishe kilicho nje ya mpaka wao."

Lile tabasamu la yule mnene lilitoweka. Alisimama, akaanza maneno ya wizi, watu wakaguna. Mmoja akapaza sauti, "Si amekwisha kirudisha?" Akabaki akikoroga maneno mpaka mkungu akamkatiza na kusema twende tukaone.

Tulikwenda wote, kundi zima, tukipita katikati ya migomba. Mkungu aliinama kwenye mulamula mpya ya kwanza, akaivuta kwa vidole viwili. Ikatoka kama kijiti kwenye uji. Haikuwa na mzizi hata mmoja. Akavuta ya pili, na ya tatu. Alizikusanya zote, akamkabidhi bwana mikononi, kama mtu anayemrudishia mgeni mzigo wake. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akasimama kwenye kaburi, na kutoka pale akatamka kwamba mjane atakaa alipomzika mumewe, yeye na watoto wake, na mpaka ni ule wa zamani.

Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nililia kidogo, nikajifuta kwa ushungi. Msemaji wangu alikaa chini kwenye nyasi akiwa amechoka kama aliyebeba mawe.

Mama hakushangilia. Watu wa bwana walikwishashuka bondeni kung'oa maharage, nasi tulikuwa tukiwaona kutoka juu. Nilimsogelea nikampa mkono. Akaupokea.

"Nyumba nimeipata," akasema. "Lakini watoto watakula nini mpaka ndizi nyingine zikomae? Hilo hukuliandika."

Nilimpelekea chumvi na mtama kwa wiki kadhaa, naye alipokea bila maneno mengi. Hakuja tena kukaa kwenye mkeka wangu. Nilisikia kwamba akiulizwa habari zangu alisema, "Yule Bibi ni mkweli," na kwamba hakulitamka kama sifa.

Msemaji wangu alifanya kazi nami miaka mingine minne, kisha akahamia Nkwenda kwa ndugu za mkewe. Huko aliendelea kusemea watu, sasa kwa akili yake mwenyewe, bila mimi kumpima. Mtu aliyetoka huko kununua nguo alinihadithia kwamba kabla ya kukubali kesi yoyote huwa anakwenda kwanza jikoni kwa mwenye shida, akatazama chungu kina nini. Hilo mimi sikumfundisha.